Laini kwa nani? Mawimbi yakikutana na uso wenye rafu

Muulize mtu yeyote ukuta wa matofali usiopigwa lipu ni laini au una rafu, atapitisha kiganja na kukujibu papo hapo kwamba una rafu, na hakuna wa kumbishia. Ila kiganja ni kipimo cha kiganja tu. Sauti ya mtu anayeongea mbele ya ukuta huohuo inarudi kana kwamba imegonga kioo, ile mifereji ya saruji kati ya tofali na tofali haiioni kabisa, wakati mwanga wa jua ukitua palepale unasambaa kila upande na huoni sura yako hata kidogo. Ukuta mmoja, dakika ileile, majibu mawili na yote ya kweli. Hapa ndo nataka tukae leo, maana naona wengi wetu, hata watu wenye vipimo vizuri mezani, tunasema "uso huu una rafu" kama tunavyosema gunia hili lina kilo 50, yani rafu ni mali ya uso wenyewe na imeisha hiyo. Mi nakataa. Rafu ni habari ya watu watatu waliokutana, uso, wimbi lililokuja, na pembe lililokuja nayo, ukimtoa mmoja hapo hujasema kitu bado.

Hesabu ya msingi ya jambo hili tunaihusisha na Rayleigh, yule mwanafizikia Mwingereza wa karne ya 19 aliyeandika sana juu ya sauti, na uzuri wake unaweza kuifanya kichwani. Chukua miale miwili ya wimbi moja inayoshuka pamoja, mmoja unatua mgongoni mwa kituta na mwingine unatua bondeni. Wa bondeni amesafiri zaidi, kwenda na kurudi, kwaiyo anarudi kachelewa kidogo. Kama kule kuchelewa ni kadogo sana ukilinganisha na urefu wa wimbi, yani umbali wa kutoka mgongo mmoja wa wimbi hadi mgongo unaofuata, basi wote wawili wanarudi hatua moja, wanaongezana nguvu, na uso unafanya kazi ya kioo. Kuchelewa kukifika nusu ya urefu wa wimbi, mmoja anapanda wakati mwenzake anashuka, wanafutana upande ule, na nguvu inabidi itoke kwa njia nyingine. Rayleigh alichora mstari katikati ya hapo, robo ya urefu wa wimbi, na kwa wimbi linaloshuka wima hiyo inamaanisha kituta cha kimo cha moja ya nane ya urefu wa wimbi.

Weka namba uone. Sauti hewani inakwenda kama mita 343 kwa sekunde, kwaiyo sauti ya hezi 1,000, yani mitikisiko 1,000 kwa sekunde, ina urefu wa sentimita 34, na moja ya nane yake ni sentimita 4 na kidogo. Mfereji wa sentimita moja kwenye ukuta wa tofali hauna lolote hapo. Panda hadi hezi 10,000, mluzi mwembamba kabisa, urefu unashuka hadi sentimita 3.4 na mpaka unakuwa milimita 4, sasa ule ule mfereji wa tofali umeanza kuhesabika. Mwanga wa kuonekana una urefu wa karibu nusu mikromita, yani nusu ya sehemu ya elfu ya milimita, na moja ya nane yake ni 0.06 ya mikromita hivi, unywele wa kichwani ni mnene kuliko hapo kama mara elfu moja. Ndo maana vioo vinasuguliwa kwa uvumilivu ule, na ndo maana karibu kila kitu unachokiona chumbani sasa hivi unakiona kwa sababu kinatawanya.

Sasa kuna kosa ambalo limeenea na linaniumiza kwa kweli, la kuuchukua ule mstari wa Rayleigh kama geti, kwamba chini yake uso ni laini na juu yake una rafu. Geti hamna. Kwa uso ambao vimo vya vituta vyake vimegawanyika kwa ule mchoro wa umbo la kengele, sehemu ya nguvu inayobaki kwenye mwakisiko safi wa kioo inajulikana kwa hesabu fupi, na inashuka hivi: mkengeuko sanifu wa vimo, yani kipimo cha jinsi vimo vinavyoachana na wastani wake, ukiwa moja ya 32 ya urefu wa wimbi, wimbi likija wima, inabaki kama asilimia 86, ukiwa moja ya 16 inabaki asilimia 54, na ukifika palepale kwenye moja ya nane inabaki chini ya asilimia 9. Ongeza mara mbili tena, robo ya urefu wa wimbi, na iliyobaki haifiki hata sehemu moja kati ya elfu kumi. Yani mtu anayejitetea kwamba "tupo chini ya kigezo cha Rayleigh" anaweza kuwa tayari kapoteza karibu nusu ya mwakisiko wake bila kujua. Na neno kupoteza nalo si sahihi, nguvu ipo, imehamia pembeni tu, na kwa imani yangu hiyo iliyohamia pembeni ndo yenye maneno mengi zaidi ya kutuambia.

Kabla ya huko, pembe. Chukua karatasi nyeupe ya kawaida, iweke mlalo chini kidogo ya jicho lako, elekea taa iliyo mbali kidogo, afu ipandishe taratibu hadi unaiangalia karibu sawasawa na uso wake, unakaribia kuiona kama mstari tu. Ghafla karatasi inaanza kung'aa, unaona ukanda wa taa ndani yake kama kwenye maji. Karatasi haijabadilika hata chembe. Kilichobadilika ni kwamba miale inayokuja kwa kuteleza haina tena tofauti kubwa ya safari kati ya kituta na bonde, kwa pembe ya nyuzi moja tu kutoka kwenye uso vituta vinaruhusiwa kuwa virefu mara 57 kuliko mwale ukija wima, na karatasi inaingia kwenye ulaini. Jaribu, ni sekunde kumi, na ukishaiona huwezi tena kusema "karatasi ina rafu" ukaishia hapo.

Na barabara ya lami usiku mvua ikiwa imenyesha, wanaoendesha wanaijua hii. Lami kavu inatawanya mwanga wa taa zako kila upande na sehemu inakurudia machoni, ndo unaiona barabara. Mvua ikinyesha maji yanajaza mabonde ya lami, juu panakuwa pamesawazika, mwanga wako unateleza mbele unaondoka zako, na wa gari linalokuja unateleza hadi machoni mwako. Kwaiyo mbele yako pamekuwa peusi na taa ya mwenzako imekuwa kali. Nimewahi kuendesha usiku wa namna hiyo nikidhani taa zangu zimekufa, nikasimama, nikashuka kuangalia, zikawa zinawaka vizuri tu mbele ya macho yangu. Taa hazikuwa na shida yoyote, nilichokosa ni rafu ya barabara.

Galileo aliliona jambo hili mapema sana. Mwaka 1632 aliandika hoja ya kioo kilichotundikwa kwenye ukuta unaopigwa na jua: ukisimama sehemu nyingi za pale, kipi kinang'aa zaidi, kioo au ukuta? Wengi wanadhani kioo. Ukuta ndo unang'aa, kioo kinaonekana cheusi isipokuwa ukisimama kwenye njia moja ambapo kinakuchoma macho. Alikuwa anajibu waliosema mwezi ni tufe laini lililosuguliwa. Kama mwezi ungekuwa laini hivyo, tungeona kidoa kimoja kidogo cha jua juu yake na kwingine giza, ila mwezi mpevu unang'aa karibu sawa kuanzia katikati hadi ukingoni. Halafu ndo sehemu ninayoipenda: tarehe 10 Januari 1946 wahandisi wa jeshi la Marekani kule New Jersey walirusha mawimbi ya redio mwezini, urefu wake kama mita 2.7, na mwangwi ukawarudia baada ya sekunde 2.5 hivi. Vipimo vya rada vilivyofuata vikaonyesha kwamba kwa mawimbi marefu namna hiyo sehemu kubwa ya mwangwi inatoka katikati ya mwezi, kile kidoa ambacho Galileo alisema hakipo. Mwezi uleule! Kwa mwanga una rafu tupu, kwa redio ya mita kadhaa ni tufe lililokaribia ulaini. Galileo alikuwa sahihi kwa wimbi lake.

Tuje baharini sasa, maana huko ndo nguvu iliyohamia pembeni imetufundisha kuliko popote. Uso wa bahari ni mchanganyiko wa mawimbi ya maji ya kila urefu, kuanzia yanayozidi mita mia hadi vikunjo vya sentimita moja, yote yamepandana yanakwenda kila upande, ukiangalia unasema hapa hamna mpangilio wa kutafuta. Mwaka 1955 Crombie, mtafiti wa New Zealand, alichapisha kipimo cha mwangwi wa redio uliorudi kutoka baharini. Redio yake ilikuwa ya megahezi 13.56, urefu wa wimbi kama mita 22. Mtu angetegemea bahari iliyovurugika irudishe mwangwi uliovurugika, masafa yake, yani idadi ya mitikisiko kwa sekunde, yametawanyika ovyo. Yeye alikuta masafa yamehama kwa kiasi kimoja kilicho wazi, kama hezi 0.38.

Maelezo yake ni ya kupendeza mno. Fikiria kati ya mawimbi yote yale ya maji kuna yale ambayo migongo yake imeachana kwa nusu ya urefu wa wimbi la redio, mita 11. Mwangwi wa mgongo wa pili unasafiri mita 11 zaidi kwenda na mita 11 zaidi kurudi, jumla mita 22, wimbi zima kamili, kwaiyo unarudi hatua moja na mwangwi wa mgongo wa kwanza, na wa tatu hivohivo, na wa nne, wote wanajipanga na kuongezana. Mawimbi ya maji ya urefu mwingine wowote yanatoa miangwi isiyolingana hatua na inafutana. Redio imejichagulia yenyewe, ndani ya fujo yote ile, aina moja ya wimbi la maji. Na kwenye maji ya kina kirefu wimbi la mita 11 halina uhuru wa kuchagua mwendo, uvutano wa dunia unalipangia kama mita 4 kwa sekunde, ukipiga hesabu ya kuhama kwa masafa kwa mwendo huo unapata ile ile 0.38. Siku hizi rada za pwani zinatumia mbinu hii kupima mkondo wa bahari, kwa sababu mkondo ukiyabeba mawimbi ya maji, ile namba inasogea kidogo kutoka mahali ilipopaswa kuwa, na kiasi cha kusogea ndo mwendo wa mkondo.

Nirudie kwa msisitizo: rafu ya bahari ndo kipimo chenyewe. Bahari ingekuwa shwari kama kioo, redio ingeteleza mbele na usingerudi mwangwi wowote wa kupimwa. Setilaiti zinazopima upepo juu ya bahari zinaishi kwa jambo hilohilo, zinaangalia chini kwa mshazari, na zile za mawimbi ya sentimita 5 na ushee zinapata mwangwi kutoka kwenye vikunjo vya maji vya sentimita 4 au 5 hivi, vikunjo ambavyo upepo unaviinua karibu papo hapo ukivuma na vinakufa upepo ukitulia. Seasat, iliyorushwa Juni 1978, ilidumu miezi mitatu na ushee tu kabla umeme wake haujafeli, ila kwa muda huo mfupi ilionyesha kwamba kazi hii inawezekana, na waliofuata wakaendelea nayo. Mafuta yakimwagika baharini, utando wake unaviua vile vikunjo vidogo, na kwenye picha ya rada linaonekana doa jeusi. Hii ya mafuta watafiti Cox na Munk waliishajua tangu vipimo vyao vilivyochapishwa 1954, walipiga picha za mng'aro wa jua juu ya bahari karibu na Hawaii wakitumia ndege, kila kimeto ni kioo kidogo cha maji kilichopata mteremko sahihi wa kulileta jua kwenye kamera, wakahesabu miteremko na kuilinganisha na upepo, afu wakamwaga mafuta makusudi waone kitatokea nini, na miteremko ikapungua sana. Upepo wa mita 10 kwa sekunde bila mafuta unatoa mteremko wa kawaida wa nyuzi 13 hivi. Picha za jua tu, na hesabu yao inatumika mpaka leo.

Kwa ukumbi wa muziki sitakaa sana, ila ifahamike kwamba miaka ya 1970 mwanafizikia Manfred Schroeder alipendekeza kuta zenye mifereji ya vina tofauti vilivyopangwa kwa nadharia ya namba, ili sauti itawanyike sawasawa badala ya kurudi kama kofi. Yani kuna watu wanalipwa kutengeneza rafu.

Sasa turudi kwa ugomvi wangu na namba moja. Karakana nyingi zinaandika rafu ya kipande cha chuma kwa Ra, wastani wa jinsi uso unavyopanda na kushuka kutoka kwenye mstari wa kati. Ra inakuambia kimo, haikuambii chochote juu ya umbali wa kwenda pembeni. Nyuso mbili zinaweza kuwa na Ra moja, mmoja una mawimbi mapana ya taratibu kama shuka lililotandikwa vibaya, mwingine una meno ya msumeno. Wimbi likija juu ya ule mpana, nguvu iliyotawanyika inabaki karibu na njia ya mwakisiko, unaona taa imevimba ukingoni tu. Juu ya meno inakwenda kila pembe. Kuzielezea kwa namba moja ni sawa na kuelezea wimbo kwa sauti yake kuwa kubwa au ndogo. Na kuna kubwa zaidi: watafiti Sayles na Thomas mwaka 1978 walikusanya vipimo vya nyuso za aina nyingi mno na kuonyesha kwamba ukirefusha kipande unachokipima, ile rafu nayo inaongezeka, kwa sababu kipande kirefu kinaingiza vilima virefu ambavyo kipande kifupi hakikuvifikia. Kwaiyo hata ile namba moja, kabla wimbi halijafika, inategemea ulipima wapi hadi wapi. Naamini kila cheti cha rafu kingepaswa kuandikwa urefu wa kipimo na masafa ya matumizi pembeni ya namba, na kisichokuwa navyo kirudishwe kwa aliyekiandika.

Kinachobaki ni wastani, na hapa ndo mambo yanagusa usalama wa watu. Nadharia nzima ya nyuso zenye rafu inatabiri wastani wa nyuso nyingi zenye takwimu zinazofanana. Bahari inakusaidia, inabadilika kila sekunde, ukisubiri kidogo unapata wastani wako. Chuma hakibadiliki. Elekeza leza ukutani uone: doa lake lina chembechembe, vidoa vyeusi na vyeupe vinachemka ukitikisa kichwa. Kila kidoa ni mahali ambapo miale iliyotawanyika imeongezana au imefutana, na takwimu za vidoa hivyo zinajulikana, nafasi ya kukuta mahali penye mwanga chini ya sehemu moja ya kumi ya wastani ni kama asilimia 9.5. Karibu mara moja kati ya kumi!

Hamisha hiyo kwa mkaguzi anayetafuta ufa ndani ya chuma kwa ultrasaundi. Megahezi 5 ndani ya chuma ni urefu wa wimbi wa milimita 1.2 hivi, kwaiyo ufa wenye vituta vya milimita 0.15 hivi tayari unatawanya. Ufa laini uliolala mshazari unatupa mwangwi wote pembeni na kifaa hakioni kitu, wenye rafu unarudisha kidogo karibu kila pembe, hapo rafu imeokoa. Ila ufa wenye rafu nyingi unaotazamwa uso kwa uso unarudisha kidogo kuliko laini wa ukubwa uleule, na mkaguzi anayekadiria ukubwa wa ufa kwa ukubwa wa mwangwi ataandika ufa mdogo. Na akiwa ameweka kifaa mahali pamoja tu, kama mwangwi wote ni wa kutawanyika, ile mara moja kati ya kumi inamhusu, anaweza kuwa amesimama kwenye kidoa cheusi. Wastani wa nadharia haumsaidii, yeye ana ufa mmoja.

Akisogeza kifaa milimita kadhaa vidoa vinahama, akibadili pembe vinahama, akibadili masafa vinahama, kwaiyo kupita ufa mmoja mara kadhaa kwa namna tofauti ni njia ya kujitengenezea ule wastani ambao chuma kimemnyima. Na miaka ya 1970 kule Harwell, Uingereza, ilibuniwa mbinu inayouacha ukubwa wa mwangwi kando kabisa: vifaa viwili, kimoja upande huu kinatuma sauti na kingine upande ule kinasikiliza mawimbi hafifu yanayotoka kwenye ncha mbili za ufa na kupima muda wa kufika kwake, tofauti ya muda kati ya ncha na ncha ndo inatoa kimo cha ufa. Mwangwi unaweza kurudi mkubwa au mwembamba kutokana na rafu, muda wake wa safari unabaki uleule.